Bahari Ilipofungwa Mwaka 2020

Juma hili tunawaalika tutafakari jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya vifo na majonzi ya janga la korona: kufungwa kwa bahari kwa wale wapendao kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Ni jambo dogo, lakini ndani yake mna swali zito. Je, ni haki mtu akatazwe tendo ambalo kwa macho halimdhuru yeyote?

Hapana budi tuanze mbali kidogo. Asili ya mchezo huu ni kwa watu wa visiwa vya Pasifiki, hususan Hawaii. Duke Kahanamoku, mwana wa Hawaii na bingwa wa kuogelea wa Olimpiki, aliuonyesha Australia na, mwaka 1915, New Zealand. Tarehe 14 Juni 1925 chombo kilipinduliwa na mawimbi karibu na Newport Beach, California. Kahanamoku aliingia baharini na ubao wake mara kadhaa, akawatoa watu 8 wakiwa hai. Baadaye ubao ukawa chombo cha kazi cha walinzi wa fukwe. Tuiweke akilini habari hii.

Usiku wa tarehe 25 Machi 2020 New Zealand iliingia katika ngazi ya 4 ya tahadhari. Watu walitakiwa kukaa nyumbani, ila waliruhusiwa kutembea au kukimbia karibu na makazi yao. Amri ya tarehe 3 Aprili ilitaja waziwazi kwamba kuogelea na kuteleza mawimbini ni marufuku. Wengi walishangaa. Bahari ni pana na upepo wake ni mwingi. Nani angemwambukiza nani?

Hata hivyo, sababu haikuwa maji. Mtu akichukuliwa na mkondo au akiumia shingo, haokolewi kwa mbali. Kuna atakayemkumbatia na kumvuta hadi nchi kavu, na wengi wa walinzi wa fukwe za nchi ile ni watu wanaojitolea. Kuna muuguzi atakayempokea, na kitanda ambacho huenda mgonjwa mwingine anakihitaji. Kumbe hatari aliyoiona mtelezaji kuwa yake peke yake ilikuwa na washiriki ambao hawakuulizwa.

Wakubwa nao walipimwa kwa kipimo hicho hicho. Tarehe 7 Aprili Waziri wa Afya, David Clark, alikiri kwamba aliipeleka familia yake ufukweni, umbali wa kilomita zipatazo 20. Hakuondolewa siku ile, kwa kuwa nchi ilikuwa katika dharura, lakini alishushwa hadi mwisho wa orodha ya mawaziri, na Julai 2020 akajiuzulu. Tarehe 28 Aprili, masharti yalipolegezwa, watelezaji walirudi majini alfajiri.

Afrika Kusini mambo yalikuwa magumu zaidi. Kuanzia tarehe 1 Mei 2020 watu waliruhusiwa kutembea, kukimbia na kuendesha baiskeli kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, ndani ya kilomita 5 kutoka nyumbani, lakini bahari ilibaki imefungwa. Mwanzoni mwa mwezi huo watelezaji waliandamana Muizenberg, Cape Town, wakiuliza kwa nini njia ya miguu iliyosongamana iwe halali na maji yaliyo wazi yawe haramu. Hatuwezi kuliita swali hilo ukaidi. Anayemtaka mwenzake ajinyime anapaswa kumweleza sababu.

Mahakama Kuu ya New Zealand nayo iligusa jambo hilo. Katika hukumu ya tarehe 19 Agosti 2020 ilisema kwamba kuwataka watu wakae nyumbani kulikuwa kwa lazima na kwa kiasi kilichostahili, ila katika siku 9 za kwanza agizo hilo halikuwa na msingi wa kisheria. Nia njema ya mtawala haimwondolei wajibu wa kufuata sheria.

Basi, ndugu wapendwa, tunajifunza nini? Kahanamoku aliwaokoa watu kwa kuingia majini. Mwaka 2020 waliorithi mchezo wake waliombwa wasaidie kuokoa kwa kubaki nchi kavu, na hakuna aliyewapiga picha wala kuwapa nishani. Nasi tunapoambiwa tuache jambo tulipendalo, tusiishie kuuliza, “Mimi litanidhuru nini?” Tuulize pia, “Nikianguka, ni nani atakayelazimika kuja kuninyanyua, na yeye ana watoto wangapi nyumbani?” Na sisi tuliopewa dhamana ya kuwaagiza wengine, katika familia, shuleni au kazini, tukumbuke kueleza sababu kabla ya kudai utii.