Mipango shirikishi ya malisho (Kibondo na Kasulu)

Mipango shirikishi ya malisho ni utaratibu wa wanakijiji kutenga na kusimamia nyanda za kulishia mifugo. Katika wilaya za Kibondo na Kasulu, mkoani Kigoma, unaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (1999), Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi (2007) na Sheria ya Nyanda za Malisho (2010). Halmashauri ya kijiji huandaa mpango kwa msaada wa wataalamu wa wilaya. Mkutano mkuu wa kijiji, wenye wakazi wote waliofikisha miaka 18, ndio unaouridhia. Uamuzi wa kijiji basi ni wa wakazi, angalau kisheria.

Ugumu uko uwandani. Waha, wenyeji wa eneo hilo na wengi wao wakulima, wanagawana ardhi na wafugaji, wakiwamo Wasukuma waliohamia na makundi makubwa ya ng'ombe. Mashariki kuna Pori la Akiba Moyowosi, ambako kulisha mifugo ni kosa. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, inayovutia mifugo kiangazi, iliingizwa katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu mwaka 2000. Mfugaji anayehamahama asipoitwa kwenye kikao, mpango huo humhusu bila kumsikiliza.