Namba za Korogwe: kutoka kipande cha mkonge hadi kishikwambi

Mwaka 1893 Dk. Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kwa miche hiyo michache mashamba yakaja kutanda hadi Mazinde, wilayani Korogwe, kando ya reli ya Tanga hadi Moshi.

Huko mashambani chombo cha takwimu kilikuwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku iliyofanyiwa kazi ilitiwa alama, na kadi ikijaa ndipo mtu alipolipwa. Kibarua aliijua kadi yake kuliko karani. Lakini aliyejumlisha kadi zote akaona picha ya shamba zima alikuwa ofisini, na jumla yake haikurudi kwa waliokata mkonge.

Hesabu za taifa nazo zilikwenda mbali. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3, wa Korogwe na Handeni wakiwamo. Miaka miwili kabla, Wizara ya Fedha ilikuwa imefunga kompyuta ya kwanza nchini. Kisha mradi wa kuingiza hesabu za serikali kwenye mashine ukaenda kombo na kumeza fedha, na mwaka 1974 serikali ikazuia uingizaji wa kompyuta. Wapo wanaoucheka uamuzi huo. Mimi simo.

Miongo kadhaa baadaye, kompyuta ilipoleta jibu lililoihusu Korogwe moja kwa moja, swali lilikuwa malaria. Watoto 894 wa Korogwe na wa Kilifi nchini Kenya, wa miezi 5 hadi 17, waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa chanjo ya RTS,S, wengine ya kichaa cha mbwa. Bahati nasibu ndiyo inayozuia daktari kumchagulia chanjo mpya mtoto aliyenona. Matokeo ya 2008 yalionyesha kinga ya asilimia 53, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike.

Agosti 2022 makarani wa sensa wakaja na vishikwambi badala ya madodoso ya karatasi. Nchi nzima ikapatikana na watu 61,741,120. Baada ya hapo vishikwambi vikagawiwa walimu, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo historia hii inaponoga: chombo kimebaki darasani.

Mwalimu akiingiza umri wa wanafunzi 40, wote wa miaka 14, wastani unatoka kabla hajashika chaki. Kidole kikiteleza mmoja akawa wa miaka 140, wastani unaruka hadi 17.15, nacho kishikwambi kimetulia tu, labda kiwe kimewekewa mpaka. Apange umri wote kwenye mstari, aliye katikati bado ana miaka 14. Kipande kilikuwa na mpaka wake tangu kiwandani: hakikuwa na nafasi ya siku ya 31.