Sinia la bibi, Santo Antonio na atomi 13

Leo programu naziweka kando kidogo, tuzungumze shaba.

Bibi ana sinia la shaba ya manjano, la harusi yake. Nililisugua kwa ndimu na chumvi nikalilaza hivyo usiku kucha. Asubuhi... mabaka mekundu! Nilidhani ni kutu, kumbe wala. Shaba ya manjano ni shaba nyekundu iliyochanganywa na zinki. Asidi huila zinki kwanza, na kinachobaki ni shaba nyekundu dhaifu, yenye vitundu.

Maji ya bahari hufanya vivyo hivyo, polepole. Manowari ya Wareno, Santo Antonio de Tanna, ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697, Waomani wakiwa wameizingira ngome. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vitu vyake vikahifadhiwa humo humo ngomeni. Chuma kikikaa baharini miaka 280 hugeuka donge la kutu na mchanga. Bronzi, yaani shaba iliyotiwa bati (ile metali, sio mabati ya paa!), huvaa ngozi ya kijani na umbo lake hubaki.

Tena bati lenyewe halihitajiki jingi. Upo mchanganyiko uliopewa jina la wakuu wa jeshi la majini la Uingereza: katika kila 100, shaba 70, zinki 29, bati 1. Hiyo 1 tu hupunguza sana zinki kutoroka. Mimi nilidhani ukichanganya metali unapata tabia ya wastani. Hapana, ni kama kugusa mstari mmoja wa programu, yote ikabadilika.

Sasa punguza shaba mpaka kibaki kishada cha atomi 13. Moja ikiwa katikati, 12 ziko nje, tayari kugusana na chochote. Badilisha moja tu, na elektroni za majirani zake zinajipanga upya.

Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walitawanya atomi moja moja za paladiamu juu ya shaba. Hawakutumia vishada, ila siri ni ile ile. Shaba pekee hupata taabu kupasua molekuli za haidrojeni. Paladiamu huzipasua, lakini hung'ang'ania vipande. Zikiwa pamoja, paladiamu inapasua, shaba inapokea vipande na kuvishika kwa ulegevu, tayari kwa kazi nyingine. Na paladiamu ni ghali, kwa hiyo atomi chache ni nafuu kubwa.

Haya, nyinyi vifundo vya shaba vya milango yenu mnavisafisha kwa nini? Ndimu msiilaze. Bibi bado hajaliona sinia.