Joho Mwilini, Pingu Mikononi

Mei 17, 2010, vijana watano waliingia ofisini kwa Seneta John McCain mjini Tucson, Arizona, wakiwa na majoho na kofia za mahafali, wakaketi na kugoma kutoka, wakidai njia ya kupata ukazi halali. Polisi waliwakamata wanne. Watatu kati yao hawakuwa na makaratasi, na walijua fika kwamba rumande huenda ikawa njia ya kurudishwa nchi walizoziacha wakiwa wadogo.

Mgogoro wenyewe, wa vijana wasio na makaratasi na haki ya kusoma, ulianzia Texas. Mwaka 1975 jimbo hilo liliziruhusu shule kuwakataa watoto wasio na vibali. Mji wa Tyler ukawatoza dola 1,000 kwa mwaka. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, ikasema watoto hao wasome bure kama wenzao. Hukumu hiyo haikugusa vyuo vikuu. Kijana aliyekulia Houston alimaliza sekondari, kisha chuo cha jimbo lake kikamdai ada ya mgeni, kubwa mara kadhaa kuliko ya mkazi, na mkopo wa serikali kuu hapewi.

Texas hiyohiyo ndiyo iliyotangulia kulegeza mwaka 2001, kwa sheria ya kuwatoza vijana hao ada ya mkazi, yenye saini ya Gavana Rick Perry, Mrepublican. Mwaka huohuo Maseneta Dick Durbin na Orrin Hatch wakawasilisha muswada wa DREAM, ambao ungewapa vijana hao njia ya kupata ukazi halali. Ukazungushwa miaka tisa.

Muda huo mwingi wanafunzi walisemewa na wengine, wao wakificha majina. Naona nguvu yao ilikuja walipochoka kusemewa. Januari 2010 wanafunzi wanne walianza kutembea kwa miguu kutoka Miami hadi Washington, maili 1,500. Machi, vijana wa Chicago walisimama hadharani wakajitaja: hatuna makaratasi, na hatuogopi.

Desemba Baraza la Wawakilishi likaupitisha muswada kwa kura 216 dhidi ya 198. Seneti ikapiga 55 za ndiyo na 41 za hapana, zilihitajika 60. Mwaka 2012 Rais Obama akawapa ahueni ya muda na vibali vya kazi, si sheria.

Juni 4, 2025, serikali kuu iliishtaki Texas kwa ile sheria ya 2001. Jimbo halikujitetea, sheria ikazuiwa na mahakama siku hiyohiyo. Siku chache baadaye kikundi cha wanafunzi kikaiomba mahakama kiingie kwenye kesi hiyo, kiitetee sheria hiyo chenyewe.