Wanawake Watatu wa Jonestown: Pale Kuuliza Kulipoitwa Usaliti



Leo tunakwenda mbali kidogo, Marekani na Guyana, kulitazama kundi lililoitwa Peoples Temple. Jim Jones alilianzisha Indianapolis miaka ya 1950. Wengi wanajua mwisho wake tu: tarehe 18 Novemba 1978 walikufa watu 918, zaidi ya 300 wakiwa watoto. Sisi tunataka kuangalia yaliyotangulia. Mwenye shaka alifanywa nini? Na aliyetaka kuondoka?

Mwanzoni hapakuwa na la kutisha. Weusi na weupe walisali pamoja wakati jambo hilo lilikuwa nadra, maskini wakalishwa, wazee wakatunzwa. Kwa hiyo wanaowaita wafuasi wale wajinga wanawaonea. Shakahola, hapo karibu na Malindi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kuanzia 2023, na waliokufa walikuwa watu kama majirani zetu.

Kamba ilikazwa polepole. Watu walikabidhi mishahara na nyumba zao. Walitia saini karatasi tupu, na maungamo ya makosa ambayo hawakuyafanya, zikawekwa akiba dhidi ya siku watakayotaka kutoka. Mke alitakiwa kumsemea mumewe, mtoto mzazi wake, na mwenye kosa akasutwa, pengine akapigwa, mbele ya mkutano mzima. Fikirieni ndoa ambayo neno la chumbani linafika kwa kiongozi kesho yake.

Grace Stoen alitoka Julai 1976 na kumwacha mwanawe John, wa miaka minne. Jones alidai mtoto ni wake, na mume wa Grace alikuwa ameshatia saini karatasi ya kulikubali hilo mwaka 1972. Mume naye akatoka baadaye, wakamdai mtoto mahakamani, hawakumpata. John alifia Jonestown akiwa na miaka sita. Mtoto ndiye aliyekuwa pingu.

Jonestown ilikuwa shamba lao katikati ya msitu wa Guyana. Pasipoti zilichukuliwa, barua zikasomwa, na sauti ya Jones ikatoka kwenye vipaza sauti mchana na usiku. Walioonekana wakaidi walilazwa kwa dawa. Deborah Layton, aliyeshika mambo ya fedha za kundi, alitoroka Mei 1978 akimwacha mama yake, mgonjwa wa saratani, hukohuko shambani. Mwezi uliofuata akatoa hati ya kiapo akieleza kuwa watu wanafanyishwa mazoezi ya kujiua. Kundi likamwita msaliti, na wakubwa hawakuharakisha.

Novemba mbunge Leo Ryan alikwenda kujionea. Watu kadhaa wakathubutu kumwambia wanataka kurudi kwao. Walipofika uwanja mdogo wa ndege wa Port Kaituma walipigwa risasi. Ryan akafa na wenzake wanne, mmoja wao mwanamke aliyekuwa akiondoka na familia yake.

Jioni ileile Jones aliwakusanya waliobaki kunywa sumu, na kanda ya sauti ya mkutano huo ipo hadi leo. Kati ya mamia waliokuwapo, anasikika mwanamke mmoja akibishana naye, Christine Miller. Aliuliza kama hakuna njia ya kwenda Urusi, akasema watoto wanastahili kuishi. Jones alimjibu kwa upole wa kuogofya. Walionyamazisha sauti yake hasa ni wenzake, waliomzomea. Naye alikufa pamoja nao.

Sisi tulipousikia mjadala ule tulimkumbuka Khawla bint Tha'laba, radhi za Allah ziwe juu yake. Mumewe alimfananisha na mgongo wa mama yake, akaenda kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akajadiliana naye na kumshitakia Mola wake. Hakuna aliyemzomea. Ziliteremshwa aya, na sura hiyo inaitwa Al-Mujadila hadi leo.

Miili zaidi ya 400 ya Jonestown haikutambuliwa au haikupata wa kuichukua, mingi ikiwa ya watoto. Ilizikwa pamoja katika makaburi ya Evergreen, Oakland.