Baridi yabisi: tiba ya Kichina inaelezaje viungo vinavyouma mvua ikikaribia

Masika yakikaribia, wazee wengi wa Kinole, Matombo na Mgeta huanza kulalamikia magoti, viuno na mabega. Wapo wanaojua kesho itanyesha kwa sababu goti limeshawaambia leo. Je, hali ya hewa inaumiza mwili kweli? Swali hili ni la zamani mno, na Wachina ni miongoni mwa watu waliolifikiria kwa muda mrefu.

Tunawataja Wachina kwa sababu tiba yao si ngeni kwetu. Madaktari kutoka China walianza kuhudumu Tanzania Bara mwaka 1968. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilileta maelfu ya Wachina mkoani kwetu, kupitia Kisaki, Mang'ula, Ifakara hadi Mlimba. Kuanzia miaka ya 1990 kliniki za dawa za Kichina zikaenea mijini, na leo plasta na mafuta ya kuchua yenye maandishi ya Kichina yanauzwa hata gulioni.

Kwa tiba hiyo, mwili una njia ambamo damu hupita pamoja na nguvu ya uhai wanayoiita chi. Zikipita bila kizuizi, mtu yuko salama. Zikikwama, panauma. Maumivu ya viungo wanayaita bi, yaani kuziba. Kitabu chao cha msingi, Huangdi Neijing, chenye umri wa miaka ipatayo 2,000, kina sura nzima kuhusu bi, na kinataja maadui watatu wanaoingia mwilini kwa pamoja: upepo, baridi na unyevu.

Yule mwenye nguvu zaidi kati ya hao watatu ndiye anayeamua maumivu yatakuwaje. Upepo hautulii, kwa hiyo maumivu yake huhama, leo goti, kesho kiwiko. Baridi hukaza, hivyo maumivu yake ni makali, hukaa mahali pamoja na hupungua ukiota moto. Unyevu ni mzito: mguu unakuwa kama umefungiwa jiwe, kiungo kinavimba, ngozi inakufa ganzi. Iko pia bi ya joto, ambapo kiungo huwa chekundu na cha moto ukikigusa. Ndiyo maana tabibu wa Kichina haulizi tu wapi panauma. Anauliza panauma lini, mvua ikinyesha au jua likiwaka, na kama ukijifunika blanketi unapata nafuu. Anashika mapigo ya mikono yote miwili na kutazama ulimi. Utando mweupe na mzito juu ya ulimi, kwake, ni dalili ya baridi na unyevu.

Anaamini pia kwamba hali ya hewa peke yake haitoshi. Upepo na baridi humpata mtu aliyechoka, mzee, aliyetoka kujifungua, au aliyetokwa jasho shambani kisha akakaa na nguo mbichi. Bibi anayesisitiza mzazi akandwe kwa maji ya moto angeelewana naye bila mkalimani.

Sisi nasi tuna jina letu, baridi yabisi. Neno yabisi limetoka Kiarabu, na maana yake ni kavu. Matabibu wa Kiyunani, na baada yao wa ulimwengu wa Kiislamu, akiwamo Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, walieleza magonjwa kwa joto na baridi, ukavu na unyevu. Mawazo ya namna hiyo yalifika pwani yetu na kubaki ndani ya lugha. Kwa hiyo jina letu linasema kiungo kimepoa na kukauka, wakati Mchina anasema kimepoa na kulowa. Wanakubaliana juu ya baridi tu. Kwa mtu wa mteremko wa mashariki wa Uluguru, ambako kuna sehemu zinazopata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka na kuta huota ukungu, pengine maelezo ya Mchina yanaingia akilini zaidi.

Hospitalini, jina baridi yabisi hutumika zaidi kwa ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia viungo vyake yenyewe. Goti la mzee mara nyingi ni jambo jingine: gegedu inayozuia mifupa kusagana imelika.

Na sayansi ya leo inasemaje kuhusu mvua? Haijakata shauri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliwafuatilia kwa simu watu zaidi ya 2,600 wenye maumivu ya muda mrefu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2019 yalionyesha kuwa siku za unyevu mwingi, upepo mkali na mgandamizo mdogo wa hewa zilikuwa na maumivu zaidi kidogo. Hilo neno "kidogo" lizingatiwe. Utafiti wa Australia wa mwaka 2017, uliohusu maumivu ya mgongo na magoti, haukuona uhusiano wowote. Kwa maoni yetu, mtu wa milimani asiilaumu mvua akausahau mzigo. Masika ndiyo majira ya palizi, na anayeshuka mteremko unaoteleza na mkungu wa ndizi kichwani analipa goti kazi kubwa kuliko baridi yoyote.

Matibabu ya Kichina ya bi ni kuchoma sindano nyembamba, kuvutisha ngozi kwa vikombe, kupasha moto kwa majani ya mmea wa jamii ya pakanga, na dawa za mitishamba. Vikombe si vigeni kwetu, maana kuumika kwa pembe kulikuwapo tangu zamani. Sindano zimeonekana kuwapunguzia maumivu baadhi ya wagonjwa wa magoti, ingawa nafuu si kubwa. Hakikisha kila sindano inatolewa kwenye pakiti mpya mbele yako.

Dawa za kunywa ndizo zinazohitaji tahadhari zaidi. Mizizi inayoitwa fuzi, inayotumiwa kufukuza baridi, ni sumu ya moyo isipotayarishwa na kuchemshwa vizuri. Mmea uitwao fangji hutumiwa kuondoa unyevu kwenye viungo. Huko Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nafasi yake ilichukuliwa na mmea mwingine wenye jina linalofanana, ndani ya vidonge vya kupunguza unene, na wanawake wengi wakaharibika figo. Katika nchi mbalimbali pia zimekamatwa dawa za "asili" zilizochanganywa kwa siri na vidonge vya hospitali vya maumivu. Kwa sheria ya mwaka 2002, anayetoa tiba asili au tiba mbadala nchini lazima awe amesajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Omba kuona cheti chake. Ukienda hospitali, mweleze daktari kila unachokunywa.

Kuna maumivu yanayokuja na mvua lakini hayasababishwi na hali ya hewa. Mvua huleta mbu, na mwili kuuma pamoja na homa kunaweza kuwa malaria, dengue au chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa kwa mara ya kwanza kusini mwa nchi yetu, Newala, mwaka 1952. Anayekunywa maziwa mabichi anaweza kupata homa ya kutupa mimba kwa mifugo, ambayo huuma viungo kwa wiki nyingi. Mwenye selimundu anaweza kushikwa na maumivu makali akipatwa na baridi. Avae nguo nzito, anywe maji ya kutosha na asicheleweshwe hospitali. Na mtoto aliyeumwa koo, kisha baada ya wiki mbili au tatu viungo vikaanza kuvimba kimoja baada ya kingine, hana upepo wa kuhamahama. Hiyo inaweza kuwa homa inayoharibu moyo, na anatakiwa kufikishwa kituo cha afya siku hiyo hiyo.