bafa

*nm* [i-/zi-], umoja na wingi: *bafa*. Limetoholewa kutoka Kiingereza.

Maana. (Kemia) Mmumunyo unaozuia pH isibadilike sana unapotiwa asidi au besi kidogo. *Bafa hii imezimuliwa. Bafa hizi mbili hazifanani.* Umbo *mabafa* halipendekezwi.

Maelezo. Tuchukue mfano wa mtafiti wa Dodoma anayelinganisha DNA ya aina mbili za zabibu za Makutupora kwa elektroforesi. Huweka sampuli katika vishimo vya jeli ya agarosi, huifunika jeli kwa bafa ndani ya tangi, kisha hupitisha umeme. DNA ina chaji hasi, hivyo husafiri kuelekea elektrodi chanya; vipande vifupi hutangulia, virefu hubaki nyuma. Bafa hapa ina kazi mbili. Ioni zake hubeba mkondo wa umeme. Aidha, huilinda pH, kwa kuwa umeme unapoyachanganua maji, asidi huzalika kwenye elektrodi chanya na besi kwenye elektrodi hasi.

Bafa mbili ndizo zilizozoeleka. TAE ina, kwa kila lita, milimoli 40 za trisi, 20 za asidi ya asetiki na 1 ya EDTA. TBE ina milimoli 89 za trisi, 89 za asidi ya boriki na 2 za EDTA. TAE hufaa vipande virefu. TBE hutenganisha vyema vipande vifupi na huhimili muda mrefu zaidi wa umeme. EDTA hufunga ioni za magnesiamu, ambazo vimeng'enya viharibuvyo DNA huzihitaji.

Matumizi.

1. *Bafa* na *maji*. Kwa kuwa bafa haina rangi, katika mazungumzo ya maabara huitwa *maji*: "ongeza maji kwenye tangi." Mazoea hayo yasiingie katika maandishi. Maji yaliyokenekwa yana ioni chache mno, na DNA karibu haisogei. Maji ya kisima, ambayo Dodoma mara nyingi huwa na chumvi, hupitisha umeme lakini hayailindi pH. Msomaji anayetii neno lililoandikwa hupoteza sampuli, na huenda mmea ulikotoka haupo tena shambani.

2. *Kumumunyisha* na *kuyeyusha*. Vitenzi hivi huchanganywa. Trisi *humumunyishwa* katika maji, kama sukari katika chai. Jeli iliyoganda *huyeyushwa* kwa joto, kama samli. Agarosi huchemshwa ndani ya bafa, si ndani ya maji matupu: gramu 1 kwa mililita 100 za bafa hutoa jeli ya asilimia 1.

3. *Kuzimua*. Bafa huhifadhiwa ikiwa imekolea. TAE iliyokolea mara 50 huzimuliwa kwa kutia mililita 20 zake katika mililita 980 za maji yaliyokenekwa. Kuandika "changanya na maji" bila kipimo hakutoshi: bafa isiyozimuliwa hupitisha mkondo mkubwa, tangi hupata moto na jeli huweza kuyeyuka.

Kwa hiyo, mwandishi wa maelekezo ya maabara aandike *maji* pale tu maji yanapokusudiwa, na kila penginepo aandike *bafa*, akitaja aina yake na ukolevu wake.